Imekufa, Imeuawa au Haifikiki? Kuchunguza Programu Zinazoshindwa kwenye Jukwaa la Makontena

Katika toleo hili tunatoka kidogo nje ya ngeli na ushairi ili tuzungumzie kompyuta. Hata hivyo, hatutakwenda mbali na sarufi. Wanafunzi wengi wa Kiswahili siku hizi wanasoma pia masomo ya kompyuta, na walimu wa Kiswahili huombwa kuwasaidia kuandika ripoti na miongozo ya kazi hiyo. Neno moja hujirudia sana katika maandishi hayo, nalo ni "imefeli". Programu imefeli, seva imefeli, mfumo umefeli. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno hilo linaficha angalau matatizo sita tofauti, kila moja na dawa yake, na kwamba vitenzi vya Kiswahili vinatosha kabisa kuyatenganisha.

Mfano wetu tumeuweka Oli, mjini Arua. Oli ilikuwa sehemu ya manispaa ya Arua hadi tarehe 1 Julai 2020, Arua ilipopandishwa hadhi kuwa jiji. Hapo Kiswahili husikika sokoni na msikitini pamoja na Kinubi na Kilugbara, na ni lugha ya kukutania na wageni wanaovuka mpaka kutoka Kongo. Tuseme kuna shule moja, ya kubuni, yenye madarasa Oli na tawi Koboko. Shule hiyo hutunza alama za wanafunzi kwa programu tutakayoiita Alama, iliyowekwa kwenye jukwaa la makontena. Siku ya kutoa matokeo wazazi wamejaa uani, na Alama haifunguki. Mwalimu mkuu anampigia simu fundi: "Mfumo umefeli." Fundi hajapata kitu cha kuanzia. Tutazame ni maneno gani yangemsaidia.

Jukwaa la makontena ni nini?

Msomaji wa Arua anayajua makontena ya chuma. Huyaona juu ya malori yaliyotoka Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,500, yakielekea Vurra kwenye mpaka wa Kongo, au yakipitia Koboko kwenda Oraba na Sudan Kusini. Faida ya kontena ni kwamba umbo lake ni moja kila mahali. Anayelipakia melini na anayelipakia kwenye lori hawahitaji kujua kama ndani mna sukari au vitabu.

Kontena la programu hufuata wazo hilohilo. Programu hufungwa pamoja na kila kitu inachokihitaji ili iweze kuendeshwa kwenye kompyuta yoyote yenye mtambo wa kuipokea. Njia hii ilienezwa na Docker, iliyotolewa Machi 2013. Jina hilo kwa Kiingereza lina maana ya kuli wa bandarini. Mwezi Juni 2014 kampuni ya Google ilitangaza Kubernetes, programu inayosimamia makontena mengi kwa pamoja, na toleo lake la 1.0 lilitoka Julai 2015. Jina hili ni la Kigiriki, na maana yake ni mshika usukani wa chombo.

Maneno machache yatatusaidia. Kifurushi kilichofungwa, kabla hakijawashwa, tutakiita taswira. Mahali taswira zinapohifadhiwa ni ghala. Kompyuta inayoendesha makontena ni nodi, na nodi zikiunganishwa huwa klasta. Kubernetes haiwashi kontena peke yake, bali hulitia ndani ya podi, ambayo huweza kubeba kontena moja au zaidi. Mwisho, maandishi ambayo programu huyaandika kuhusu mwenendo wake tutayaita batli. Neno hili ni la mabaharia wetu, nao hulitumia kwa daftari la safari ya chombo. Kwa kuwa mshika usukani tayari yumo, tumeona si vibaya naye kuwa na batli.

Podi hupita vituo vitano kabla mzazi hajaona alama za mwanawe: hupangiwa nodi, huvutiwa taswira, huwashwa, huwa tayari, kisha hufikiwa. Uchunguzi mzuri hufuata vituo hivyo kwa mpangilio.

Swali la kwanza: Imepangiwa nodi?

Amri ya kuanzia ni kubectl get pods. Huonyesha kila podi, hali yake, kontena ngapi ziko tayari, na mara ngapi zimewashwa upya. Hali ikiandikwa Pending, mara nyingi maana yake ni kwamba podi haijapangiwa nodi. Hapo hakuna kilichokufa, kwa sababu hakuna kilichoanza. Anayezima na kuwasha upya anapoteza muda.

Amri ya pili ni kubectl describe pod, ikifuatwa na jina la podi. Mwishoni mwa majibu yake kuna orodha ya matukio, nayo ndiyo inayosema sababu. Mara nyingi sababu ni kumbukumbu ya kompyuta. Tuseme Alama imeomba megabaiti 2,000, na nodi imebakiwa na nafasi ya megabaiti 1,500. Mpangaji hutazama kile kilichoombwa na podi zote, hatazami kile kinachotumika kwa kweli. Kwa hiyo nodi inaweza kuwa imetulia kabisa na podi bado ikakosa nafasi. Dawa ni kupunguza maombi au kuongeza nodi. Tuongeze kwamba kwa kawaida matukio haya hutunzwa kwa muda wa saa moja tu. Fundi anayengoja mpaka jioni atakuta orodha tupu.

Swali la pili: Taswira imevutwa?

Podi ikishapangiwa, nodi huvuta taswira kutoka ghalani. Ikishindwa, hali husomeka ErrImagePull, na baada ya majaribio kadhaa husomeka ImagePullBackOff. Haya si matatizo mawili. La pili lina maana kwamba nodi imejaribu, imeshindwa, na sasa inangoja kabla ya kujaribu tena.

Lakini imeshindwa kwa namna gani? Hapa mnyambuliko wa vitenzi vyetu unafanya kazi nzuri. Orodha ya matukio ikisema kwamba taswira haikuonekana, tutaandika "taswira haipatikani", na dawa ni kukagua jina na namba ya toleo, maana herufi moja iliyokosewa inatosha. Ikisema kwamba ruhusa haipo, tutaandika "ombi limekataliwa", na dawa ni kukagua neno la siri la kuingilia ghalani. Ikisema kwamba muda umekwisha bila jibu, tutaandika "ghala halifikiki", na dawa ni kutazama njia ya intaneti. Vitenzi vitatu, safari tatu tofauti za fundi.

Sababu hii ya tatu haiko mbali nasi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Uganda ikiwamo. Siku kama hiyo programu ambayo tayari inaendeshwa kwenye nodi ya Arua haina sababu ya kuzimika. Inayopata taabu ni ile inayotaka kuvuta taswira kutoka ghala la ng'ambo. Ipo na hatari nyingine isiyoonekana mapema. Taswira ikipewa alama ya toleo iitwayo latest, Kubernetes kwa kawaida huliuliza ghala kila inapowasha kontena, hata kama taswira hiyo iko tayari ndani ya nodi. Ghala lisipofikika, kontena halitawashwa. Ikipewa namba halisi, kwa mfano 2.3, nodi hutumia ile iliyo nayo. Kwa miji ambayo intaneti huyumba, namba ya toleo ni akiba.

Swali la tatu: Imekufa, imeuawa, imezimwa au imemaliza?

Hali inayowatisha wanafunzi kuliko zote ni CrashLoopBackOff. Wengi huichukulia kama jina la ugonjwa. Sivyo. Ni maelezo ya mwenendo tu: kontena linaanguka, linainuliwa, linaanguka tena, na Kubernetes inangoja kidogo kabla ya kuliinua. Mngojo wa kwanza kwa kawaida ni sekunde 10, kisha 20, kisha 40, mpaka ufike kikomo cha dakika 5. Kiswahili kina njia ya kusema hivyo kwa neno moja, kwa kurudufu kitenzi: inaangukaanguka. Anayesema "inaangukaanguka" ametaja dalili kwa usahihi. Sababu bado hajaitaja.

Ili kuipata sababu, tunatumia amri ya kubectl logs pamoja na neno --previous, ambalo hutupa batli ya kontena lililoanguka badala ya hili jipya ambalo halijaandika kitu. Pia tunatazama namba ya kutokea, inayoonekana katika majibu ya kubectl describe pod. Namba hizo zinaingia vizuri katika kauli za vitenzi vyetu.

Namba 0 ina maana kwamba programu imemaliza kazi yake kwa amani. Kwa programu ya kuhesabu wastani mara moja, hiyo ni furaha. Kwa Alama, ambayo inapaswa kukaa macho siku nzima, ni kosa la maagizo: imeambiwa ifanye jambo moja na kuondoka.

Namba 1 kwa kawaida ina maana kwamba imekufa kwa kosa lake yenyewe. Labda imekosa anwani ya hifadhidata, labda faili la maagizo limeandikwa vibaya. Batli ndiyo itakayosema. Namba 127 ina maana kwamba amri iliyotakiwa kuendeshwa haimo kabisa ndani ya taswira.

Namba 143 ina maana kwamba imezimwa: ilitumiwa ishara ya kuiomba isimame, ikasimama. Namba 137 ina maana kwamba imeuawa. Ikiwa pembeni ya namba hiyo pameandikwa OOMKilled, basi imeuawa kwa sababu ilitumia kumbukumbu kupita kiasi ilichoruhusiwa. Hapo kusoma batli peke yake kunaweza kupotosha, kwa sababu aliyeuawa ghafla hakupata nafasi ya kuandika neno la mwisho. Fundi aulize kama kiwango kilikuwa kidogo mno, au kama programu inalimbikiza kumbukumbu bila kuirudisha. Ikiwa ni hilo la pili, kuongeza kiwango ni kuahirisha msiba tu.

Tofauti kati ya "imekufa" na "imeuawa" ni ile tunayofundisha kila mwaka darasani, tunaposema kwamba kauli ya kutendwa inadai mtenda hata kama hakutajwa. Anayeandika "imeuawa" anamlazimisha msomaji kuuliza: na nani? Jibu la swali hilo ndilo nusu ya matengenezo.

Swali la nne: Iko hai, lakini iko tayari?

Podi huweza kuandikwa Running huku safu ya kontena zilizo tayari ikisomeka 0/1. Maana yake iko hai lakini haijawa tayari. Kubernetes huwa na vipimo viwili vinavyochanganywa mara nyingi. Kipimo cha utayari huuliza: je, unaweza kupokea wageni? Jibu likiwa hapana, podi huachwa hai lakini haipelekewi wageni. Kipimo cha uhai huuliza: je, bado upo? Jibu likikosekana mara kadhaa mfululizo, kwa kawaida mara 3, kontena huzimwa na kuwashwa upya.

Sasa tuseme Alama huhitaji sekunde 60 kuamka, kwa sababu nodi ya shule ni kompyuta ya zamani, na kipimo cha uhai kimewekwa kuuliza kila baada ya sekunde 10 tangu mwanzo. Itazimwa kabla haijaamka, itawashwa, itazimwa tena. Batli yake haitaonyesha kosa lolote, maana haina kosa. Muuaji ni kipimo. Dawa ni kuweka kipimo cha tatu, cha kuanzia, ambacho huyasimamisha hayo mawili mpaka programu iamke.

Swali la tano: Inafikika?

Mwisho, podi inaweza kuwa 1/1, batli safi, na mzazi bado haoni kitu. Hapo tunasema programu haifikiki. Katika Kubernetes wageni hawaendi kwa podi moja kwa moja, bali hupitia mlango uitwao Service, na mlango huo huzitambua podi kwa lebo zake. Podi ikiwa na lebo "alama" na mlango ukitafuta lebo "Alama", havitakutana, kwa kuwa herufi kubwa na ndogo huhesabiwa tofauti. Amri ya kubectl get endpointslices huonyesha kama mlango una podi nyuma yake. Orodha ikiwa tupu, tunarudi kwenye lebo. Orodha ikiwa na podi, tunakagua namba ya tundu ambalo programu inasikiliza, na pia kama programu inasikiliza anwani 127.0.0.1 peke yake, yaani inajisikiliza yenyewe.

Wasomaji wataona kwamba hapo juu tulisema "ghala halifikiki" na hapa tunasema "programu haifikiki". Mzizi ni mmoja, kinachotofautisha ni kiambishi cha upatanisho. Mwanafunzi anayedharau upatanisho wa kisarufi atamtuma fundi kwenye waya wa bahari wakati tatizo liko kwenye lebo.

Kabla ya kufuta

Yapo mambo mawili ya tahadhari. La kwanza ni kwamba podi iliyoshindwa isifutwe haraka. Ikifutwa, Kubernetes huleta nyingine badala yake, lakini batli ya kontena lililoanguka hupotea nayo, isipokuwa kama inakusanywa mahali pengine. Ni sawa na kumzika marehemu kabla daktari hajamtazama. Nakili kwanza matukio na batli. Kisha, ikiwa tatizo limeanza baada ya toleo jipya, amri ya kubectl rollout undo huirudisha programu kwenye toleo lililotangulia, ili wazazi wahudumiwe huku uchunguzi ukiendelea.

La pili ni zito zaidi. Yaliyoandikwa ndani ya kontena lenyewe hupotea linapowashwa upya. Alama za wanafunzi zikiwekwa humo, zitafutika kama maandishi ya chaki, na hakuna amri itakayozirudisha. Zinapaswa kuwekwa kwenye hifadhi ya kudumu iliyo nje ya kontena, na nakala nyingine mahali pengine kabisa. Kabla ya kuuliza kwa nini programu imeanguka, shule iwe na jibu la swali hili: alama ziko wapi?

Kwa walimu wenzetu

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili. Kazi ile ilihitaji majina ya vitu na amri fupi. Kazi iliyo mbele yetu ni ya vitenzi vya matatizo, nayo haihitaji kuunda maneno mapya mengi. Inahitaji tuwazoeze wanafunzi kuchagua kauli kwa makini. Nchini Uganda jambo hili lina uzito wake. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Arua yenyewe ina Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanzishwa mwaka 2013, ambacho hufundisha masomo ya kompyuta. Vijana wanaosoma huko ndio watakaopokea simu ya mwalimu mkuu wa Oli. Tusipowapa walimu na mafundi hao lugha ya kueleza ilivyotokea, watabaki na "imefeli", na kila mmoja atajaza maana yake mwenyewe.

Tunapendekeza zoezi hili kwa darasa. Wape wanafunzi sentensi zifuatazo, na kwa kila moja waandike (a) kauli ya kitenzi, (b) mtenda ni nani, hata kama hakutajwa, na (c) amri gani ya kutumia kwanza.

1. Podi haijapangiwa nodi.
2. Ombi la kuvuta taswira limekataliwa.
3. Kontena linaangukaanguka.
4. Kontena limeuawa.
5. Podi iko hai lakini haijawa tayari.
6. Programu haifikiki.

Sentensi ya tatu izungumzwe kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo pekee inayoeleza mwenendo bila kumtaja wala kumdokeza anayesababisha. Mwanafunzi akigundua mwenyewe kwamba sentensi hiyo haijitoshelezi, na kwamba inamrudisha kwenye batli, atakuwa amejifunza sarufi na ufundi kwa pamoja.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Tungependa kupokea kutoka kwa wasomaji vitenzi vingine vinavyotumika katika maeneo yao kuelezea mitambo inayogoma, hasa kutoka Arua, Koboko na mipakani, ambako lugha nyingi hukutana na huenda neno zuri tayari lipo midomoni mwa watu. Tutayachapisha katika matoleo yajayo.